Paja la Kushoto la Mzee Kalaba

Dirisha la jiko halikuwa na kioo. Inspekta Kunda aliliona hilo kabla ya wanawake waliokaa kwenye mikeka, na kabla ya matawi yaliyochomekwa barabarani kuonyesha kwamba nyumba ina msiba. Mahali pa kioo palipigiliwa karatasi ngumu nyeusi kwa misumari minne. Jua la saa tatu lilipita ndani yake, na katikati ya ule weusi kikaonekana kitu cheupe, kirefu, mfano wa msumari mkubwa uliopinda shingo.

Ilikuwa picha ya eksirei, ile ambayo watu wa Lubumbashi huiita radio. Kwenye kona ya chini mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: Kushoto, 2019.

Kunda alitaka kusogea aione vizuri. Mkono mzito ulimzuia kifuani.

"Weye njo wa polisi?"

Mwenye mkono alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mnene, kitambaa cheusi kichwani. Huyu alikuwa Mama Lombe, dada wa marehemu, na leo yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa uwanja.

"Ndiyo, mama. Inspekta Kunda."

"Ongea kwa nguvu! Banatutumia polisi mwanamuke, tena mwenye kuongea sawa muntu anaficha pipi mu kinywa."

Mikekani wakacheka, kicheko kifupi cha watu waliokesha na njaa.

"Nimekuja kuona mahali," Kunda alisema, kwa sauti ileile.

"Fasi ya kuona iko mu buloko, kule munamufungia. Ule mwanamuke wa Kivu alivunja kaka yangu muguu sawa vile banavunja muguu ya kuku. Unataka uone nini ingine? Maiti hatuziki mpaka aseme. Na batoto yake tumeisha kubafungia mizigo, kesho beko Lukafu kwa ukoo. Hatakuya kubaona tena."

Habari yenyewe, kama ilivyoandikwa kwenye faili, ilikuwa fupi. Mzee Kalaba, miaka sabini na moja, mfanyakazi wa zamani wa tanuri la shaba, aliishi hapa mtaa wa Annexe na mwanawe Gradi, dereva wa lori, pamoja na mke wa Gradi, Kasoki. Jumanne asubuhi Gradi alikuwa safarini. Saa mbili Kasoki alikimbilia barabarani kutafuta teksi. Mzee alikuwa kitandani, mfupa wa paja la kushoto umevunjika. Saa sita alikufa hospitali. Saa kumi ukoo ulimkokota Kasoki hadi polisi, ukisema amempiga baba mkwe wake kwa mchi. Cheti cha daktari kiliwaunga mkono kwa mstari mmoja: mfupa umevunjwa na pigo la kitu kizito.

Leo ilikuwa Alhamisi. Saa kumi alasiri saa arobaini na nane zingetimia. Sheria haikuruhusu zaidi. Komanda wa kituo angemwachilia Kasoki, au angempeleka gereza la Kasapa kwa kosa la kuua.

"Naomba kuuona mchi," Kunda alisema.

Uliletwa umefungwa kitambaa, kama mtoto. Kijana mmoja wa ukoo aliufunua, na mikekani kilio kikapanda. Ulikuwa mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, mrefu, na upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa na doa jekundu lenye ukubwa wa kiganja.

"Damu ya kaka yangu ile!"

Kunda alichuchumaa. Alinusa. Aliomba maji ya moto kwenye sahani, na kwa kuwa hakuna aliyeinuka, akaenda kuyachota mwenyewe kwenye sufuria ya msibani. Alidondosha maji juu ya doa na kuyakinga chini. Kwenye sahani yakaelea macho madogo ya manjano, yakakutana, yakawa jicho moja kubwa.

"Ni mawese, mama."

"Nini?"

"Mawese. Damu haielei."

Kilio kilikatika. Mama Lombe aliitazama sahani, kisha akamtazama Kunda kwa jicho la pembe.

"Donc alipanguza damu, akapakala mawese juu. Beko na akili, bale."

Kunda alikuwa amekwisha geuka kuelekea nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha mabati bila paa ambamo familia ilikuwa ikiogea. Sakafu ilikuwa ya saruji laini, yenye mteremko. Kulikuwa na kigoda kilichopinduka, beseni, na kipande cha sabuni ya kahawia kilichobanwa kikawa bapa. Kwenye ubapa ule kulikuwa na alama ya kisigino. Alikifunga ndani ya karatasi. Kisha akahesabu hatua kutoka pale hadi mlango wa chumba cha mzee. Zilikuwa kumi na mbili.

Chumbani, chini ya godoro, alikuta alichokuwa akikitafuta. Mjini hapa hospitali hazitunzi picha. Ukipigwa radio unapewa yako, unakwenda nayo nyumbani, na siku daktari akiitaka tena unaileta mwenyewe chini ya kwapa. Mzee Kalaba alikuwa mtu wa mpango. Kila picha ilikuwa na bahasha, na kila bahasha tarehe. Kushoto, 2012. Kulia, 2024. Bahasha ya tatu ilikuwa tupu: Kushoto, 2019. Juu ya hiyo tupu, kwa mwandiko mwingine wa haraka, kulikuwa na herufi tatu: R.A.S.

"Hii picha iliendaje kwenye dirisha la jiko?" aliuliza alipotoka.

"Yeye muzee aliipiga misumari," Mama Lombe alisema, akitema mate pembeni. "Docteur alimuambia haina kitu, basi anasema: vizuri, ikazibe dirisha, mukamwana asipigwe na baridi akipika. Anamuzibia dirisha! Na ona vile alimulipa."

Kunda aling'oa misumari minne mmoja mmoja kwa bisibisi ya kuazima. Hakuna aliyemsaidia.

*

Kasoki alikuwa amekaa kwenye saruji ya mahabusu, mgongo ukutani. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, mabega mapana ya mtu aliyekulia kwenye ghala la unga la wazazi wake Butembo, na jicho moja limevimba kwa ngumi za ukoo. Hakuinuka.

"Mama Kasoki, nimetoka nyumbani."

"Batoto beko?"

"Wapo. Kesho wanataka kuwapeleka Lukafu."

Kasoki alifumba jicho zima.

"Kama ni hivyo, unisaidie. Jumanne ulimkuta wapi mzee?"

"Mu kitanda."

"Amevaa?"

"Amevaa."

"Nguo kavu?"

Kasoki alikunja miguu chini yake.

"Aliamka saa ngapi? Alikwenda kuoga?"

"Nilimukuta mu kitanda, muguu imevunjika, nikaita taxi. Ile njo niliambia bale ba kwanza, ile njo nakuambia weye. Ukitaka kunipiga, piga, benzako balishapiga."

"Sipigi watu."

"Basi andika."

Aliugeuzia ukuta uso wake. Kunda aliandika: kitandani. Chini yake akapiga mstari.

*

Kwenye chumba cha maiti mhudumu alifunua shuka hadi kiunoni tu, kwa heshima, kisha akalifunua paja la kushoto peke yake. Lilikuwa limevimba pande zote sawasawa, kwa damu iliyovujia ndani. Kunda aliinama na kutazama ngozi kwa muda mrefu, akazunguka, akatazama upande wa pili. Hapakuwa na mchubuko, wala mstari, wala doa la bluu mahali ambapo mti mzito ungekutana na nyama.

Kisha akatazama kichwa. Ndani ya sikio la kushoto, na kwenye mvi zilizo nyuma yake, kulikuwa na kitu cheupe kilichokauka kama chokaa. Alikikwangua kwa kucha, akakitia tone la maji, akakisugua kati ya vidole. Kikatoa povu.

"Aliletwa na nguo gani?"

"Shati ya mikono mirefu na pantalon," mhudumu alisema. "Safi, kavu kabisa. Tena imefungwa vifungo yote, mpaka ku shingo. Nesi alimuuliza mara mbili, muzee, nani alikubeba? Muzee aligeukia ukuta tu. Familia banasema alikuwa anaogopa ule mwanamuke."

Chumba cha eksirei kilikuwa mwisho wa korido. Fundi wake, Anaclet, alikuwa mtu mkavu wa karibu miaka sitini, koti jeupe limefuliwa hadi likawa kijivu. Kunda alimkabidhi bahasha, na Anaclet akazipanga picha nne kwenye ubao wa taa: tatu za mzee alizokuja nazo Kunda, na ya nne aliyoipiga yeye mwenyewe Jumanne.

"Muzee Kalaba," alisema. "Nyonga zote mbili za chuma. Kushoto alibadilishwa mwaka 2012, kulia 2017. Tanuri lilimumaliza. Sasa tazama ya kwanza, 2012, wiki ya operesheni. Unaona mukia ya chuma unaingia ndani ya mufupa? Murefu, munene, unafika karibu katikati ya paja. Wakati ule hapa tulikuwa na aina hiyo tu."

"Na mfupa unaozunguka ni mnene."

"Munene, ndiyo. Sasa ruka ku ile yenye matundu ya misumari. 2019."

Kunda alitazama. Chini, kwenye ncha ya mkia wa chuma, mfupa ulikuwa mnene kuliko zamani. Juu, karibu na nyonga, kuta zake zilikuwa zimekuwa nyembamba kama ganda la yai.

"Umeliwa?"

"Umekosa kazi. Muntu akitembea, uzito wake unaingia mu chuma, unateremka nayo mpaka chini ku ncha. Huku juu mufupa hakuna kitu unabeba. Na mufupa ni sawa kibarua: muachishe kazi, atakonda. Ona sasa kulia, 2024. Mukia mufupi, unaishia hapa juu. Mufupa wa juu unaendelea kubeba, basi unabaki na nyama yake."

"Lakini mguu wa kushoto ulibadilishwa zamani zaidi. Labda ni miaka tu imefanya hivi."

"Inawezekana," Anaclet alisema. "Tena usiseme nimesema mukia yote mirefu ni mibaya. Niliona bantu beko na chuma miaka makumi mbili, na mufupa muzuri kabisa. Inategemea chuma, inategemea muntu."

Kunda alichukua kalamu akaandika kwenye kiganja chake, kama watoto wa shule wasio na daftari. Kumi na mbili hadi kumi na tisa: saba. Kumi na saba hadi ishirini na nne: saba.

"Hizi mbili ni za umri mmoja," alisema polepole, akiweka kidole kwenye picha ya dirishani na kingine kwenye ya kulia. "Miaka saba kwa miaka saba. Mtu ni yuleyule, anakula chakula kilekile. Tena siku ya picha ya kulia alikuwa mzee zaidi kwa miaka mitano. Kama ingekuwa uzee tu, kulia ndiko kungekonda zaidi."

Anaclet alimtazama, akazitazama picha, akamtazama tena.

"Ile sikuifikiria," alisema.

"Na ya Jumanne?"

Fundi alisogea. Kwenye picha ya nne mfupa wa kushoto ulikuwa umepasuka kuanzia pale palipokonda, na ufa ulikuwa ukiteremka huku ukiuzunguka mkia wa chuma.

"Unazunguka," Kunda alisema.

"Sawa nguo inakamuliwa. Muguu ulibaki chini, mwili ukageuka. Muchi haukamui, Mama Inspecteur. Muchi unakata, paa, sawa muwa. Vipande vingetokea hapa, pa pembeni."

"Inahitaji nguvu kiasi gani?"

"Ku mufupa sawa huu? Kuteleza. Kugeuka ukamate taulo."

"Utaniandikia hayo?"

Kabla Anaclet hajajibu mlango ulisukumwa. Aliyeingia alikuwa na miwani kwenye paji la uso na funguo za gari mkononi. Dokta Katongo ndiye aliyebadilisha nyonga zote mbili za mzee, na ndiye aliyeandika cheti.

"Nani alikuruhusu kutoa dossier ya mgonjwa wangu?"

"Picha ni zake, dokta. Zilikuwa chini ya godoro lake."

"Na wewe ni mtaalamu wa mifupa tangu lini? Ulisomea wapi, sokoni? Anaclet, zima ubao."

Anaclet alinyoosha mkono kwenye swichi. Kunda hakumtazama. Alisema kwa sauti ndogo, akiwa bado ameukabili ubao: "Ukizima, nitaandika kwamba ulizimwa, na nani alisema uzimwe."

Mkono wa Anaclet ulibaki hewani, kisha ukarudi mfukoni.

"Huu ni mwandiko wako, dokta?" Kunda alimwonyesha bahasha tupu.

"Naona wagonjwa arobaini kwa siku."

"Ni wako?"

"Ni wangu. R.A.S., rien à signaler, hakuna cha kusema. Na baada ya hapo?"

"Huyu mzee alikuja na picha hii 2019. Mfupa ulikuwa umekwisha kuwa hivi. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia atembee na fimbo. Ungetaka nimwambie nini? Nimfungue tena paja, kwa chuma kipi, kwa damu ya nani? Wewe unaona picha moja unafikiri umeona yote. Nyinyi polisi mnakuja mtu akishakufa, ndipo mnakuwa na akili."

"Jumanne uliitazama picha mpya kabla ya kuandika pigo?"

Dokta aliteremsha miwani machoni, akaipandisha tena.

"Familia nzima ilikuwa inapiga kelele koridoni kwamba amepigwa. Mfupa ulikuwa umevunjika. Niliandika walichosema."

"Hukuitazama."

"Nitampigia mkubwa wako."

"Mpigie. Saa tisa na nusu atakuwa ofisini na familia yote. Njoo nawe, dokta. Uje na kalamu."

*

Saa tisa na nusu ofisi ya Komanda ilikuwa imejaa jasho. Komanda alikaa nyuma ya meza, saa yake ya mkononi ameivua na kuiweka mbele yake juu ya faili. Mama Lombe alikuwa na kiti. Wengine wa ukoo walisimama ukutani. Gradi, mume wa Kasoki, alikuwa amefika mchana huo kutoka safari, viatu vina vumbi la barabara ya Kasumbalesa. Alisimama peke yake karibu na mlango, kati ya ukoo wake na mkewe aliyeketishwa sakafuni, na hakumtazama yeyote. Dokta Katongo alisimama dirishani. Alikuwa amekuja.

Kunda alisoma ripoti ya Anaclet. Alisoma kwa sauti ndogo, na mara mbili Komanda alimwambia arudie. Alieleza mchi na mawese, ngozi isiyo na alama, mfupa uliokonda juu ya mkia mrefu wa chuma, na ufa unaozunguka.

"Docteur?" Komanda aliuliza. "Ni vile?"

"Pigo halionekani kwenye picha," Dokta Katongo alisema, akitazama nje. "Nitarekebisha cheti."

"Utarekebisha!" Mama Lombe aliruka. "Juzi pigo, leo hapana pigo! Balikulipa bei gani, bale ba Kivu?"

"Mama, keti."

"Siketi! Sawa, mufupa ilikuwa mubovu, mi nakubali. Basi aliteleza wapi, mu kitanda? Muntu anateleza mu kitanda? Ule anasema alimukuta mu kitanda! Munafanya sisi bajinga?"

Komanda alimgeukia Kunda. "Hilo ni swali. Alivunjikia wapi?"

"Kwenye kibanda cha kuogea. Alikanyaga sabuni, kisigino chake kipo juu yake. Mguu ukabaki, mwili ukageuka. Sabuni ilikuwa imekauka sikioni mwake, lakini shati lake lilikuwa kavu na limefungwa vifungo vyote. Mtu alimtoa pale, akamfuta, akamvika, akamlaza. Ni hatua kumi na mbili hadi mlango wake."

"Na muguu imevunjika vile hakutembea," Komanda alisema.

"Hakutembea."

"Donc kuko muntu alimubeba, na huyu mwanamuke anatuficha."

Mama Lombe hakupiga kelele safari hii. Alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko kelele zake zote.

"Asante, Inspecteur. Weye njo umetufungulia macho. Komanda, kwetu mukamwana hagusi bamukwe. Hata maji ya kunywa anaweka chini, anarudi nyuma, muzee anaokota. Haingii mu chumba yake, haiti jina yake, na yeye muzee haiti jina ya mukamwana. Huyu, hata kama ni wa Kivu, ile sheria alishika miaka kumi na moja, mi mwenyewe nilimufundisha. Basi hakumubeba yeye. Alibebwa na mwanaume." Alimgeukia Gradi. "Saa mbili asubuhi, mwanangu, weye uko mu barabara, mwanaume gani alikuwa mu nyumba yako?"

Gradi aliinua macho. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alimtazama mkewe.

"Kasoki," alisema. "Ni nani?"

Kasoki aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza. Ni nani?"

"Anyamaze, anyamaze," Mama Lombe alisema. "Muzee aliwafuma, bakamumaliza. Mufupa mubovu, mufupa muzima, ni kitu kimoja."

Komanda aliangalia saa yake. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili.

"Kama kuko mwanaume, na simujui, sina namna ya kumuachilia," alisema. Alifungua kifuniko cha kalamu. "Atalala Kasapa."

Kunda alivuta kiti chake kutoka kwenye meza, akakiweka mbele ya Kasoki, na badala ya kukikalia akachuchumaa kando yake, hata nyuso zao zikawa sawa.

"Mama Kasoki. Nesi alimwuliza mzee mara mbili nani amembeba, naye akageukia ukuta. Wote wanasema aliogopa. Anayeogopa haupi mlango mgongo. Anayegeukia ukuta ni mwenye haya." Akangoja. "Na asubuhi ya leo, nilipokuuliza kama alikwenda kuoga, nawe uligeukia ukuta."

Kasoki aliinua kichwa. Jicho lililovimba lilikuwa linatoa maji peke yake. Lile zima lilikuwa kavu. Hakumtazama Kunda. Alimtazama mumewe.

"Hapana mwanaume, Gradi," alisema. "Nilisikia anaita. Hakuwa anaita muntu, alikuwa analia tu. Nilisimama inje ya mabati, nikaita majirani. Hakuna muntu alikuya. Nikasema, Baba, niingie? Akasema hapana. Nikangoja. Akalia tena. Nikasema, Baba, naingia. Akanyamaza."

"Kasoki," Mama Lombe alisema. "Funga kinywa. Kuko mambo hayasemwi mbele ya bantu."

"Munasema niko na bwana mwingine mbele ya bantu." Sauti yake haikupanda. "Niliingia. Nilimubeba mu mikono, mi nabebaka mifuko ya unga tangu niko mutoto, yeye hakuwa muzito. Nilimupanguza. Nilimuvalisha shati, nikafunga vifungo yote, nikamuvalisha na pantalon, na muguu ulikuwa unalia ndani, nilikuwa nausikia. Alinikamata mukono. Akasema, usibaambie. Nikasema, sitasema. Na sikusema. Mulinipiga, sikusema."

Kalamu ya Komanda ilikuwa imesimama.

"Kama munatafuta kosa yangu, ni ile, andika. Nilimuona Baba uchi. Na sikufunga macho, sababu ningefunga macho, ningemuangusha."